Monowi au Nicodemus: vijiji viwili vya tambarare za Marekani

Mwenye siku moja tu ya kuzunguka tambarare za nyasi za Marekani, aende kipi kati ya vijiji hivi? Kwa mbali vinafanana: nyumba chache, upepo, na mashamba mpaka upeo wa macho.

Monowi, jimbo la Nebraska, kinajulikana kwa hesabu. Miaka ya 1930 kilikuwa na watu wapatao 150. Sensa ya 2010 ikamkuta mmoja, mama mzee mwenye baa, ambaye pia ndiye aliyekuwa meya na mtunza maktaba. Maktaba yenyewe ni kibanda cha vitabu alivyoacha marehemu mumewe, maelfu kadhaa. Hilo lanigusa kuliko habari ya umeya.

Nicodemus, jimbo la Kansas, kina uzito mwingine kabisa. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Miti ya kujengea ilikuwa haba, basi wakachimba makazi ardhini na humo wakapitisha majira ya kwanza ya baridi. Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni waliwagawia chakula. Kijiji kikapata makanisa, shule, hata magazeti. Kisha mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakaifuata. Tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwishoni mwa Julai wajukuu hurudi kutoka majimbo ya mbali kuadhimisha ukombozi.

Mimi ningekwenda Nicodemus, tena Julai hiyo hiyo. Monowi yatosha saa moja, kwa mwenye gari na safari ya kaskazini.