Mkanda wa tumbo baada ya operesheni: nimeuvaa wiki sita, maoni yangu haya hapa

Nianze na kosa langu kabisa. Niliagiza mkanda kwa saizi ya suruali. Nikajiambia kiuno changu nakijua, suruali navaa kila siku, sasa kupima na tepu ya nini, nikabonyeza saizi M nikaendelea na mambo mengine. Siku ya pili baada ya kupasuliwa nesi akasema haya leo unatembea, mke wangu akautoa kwenye mfuko, nesi anavuta huku, mke wangu anavuta kule, mi katikati najishikilia kwenye kitanda kama mzigo unaofungwa kamba. Tumbo limevimba, lina bandeji juu, velkro ikashika kipande cha vidole viwili tu. Nikakohoa kidogo. Krrrrr! Ukafunguka wote, nesi akacheka, mi siwezi hata kucheka.

Kwahiyo kabla sijasema ni mzuri au mbaya, chukua tepu ya fundi cherehani, pima kuzunguka tumbo pale palipo pana kabisa, kwenye kitovu au chini yake kidogo, kwa sentimita, halafu ukiona namba yako imeangukia mpakani mwa saizi mbili chukua ile kubwa. Tumbo la baada ya operesheni si lile ulilopima nalo, linajaa hewa na uvimbe kwa siku kadhaa, na baadae linapungua, ndo maana mkanda mzuri ni ule wenye velkro ndefu unaoweza kuusogeza. Mke wangu alirudisha ule wa kwanza wakatubadilishia L, hapo sina lawama.

Operesheni yangu ilikuwa ya kufungua tumbo, mshono umeanzia juu ya kitovu umeshuka chini. Nasema hivi kwa sababu rafiki yangu alifanyiwa ya matundu madogo, ile ya kamera, na mkanda aliununua akauvaa siku mbili akauweka kabatini. Yeye kilichomtesa ni bega! Bega la kulia, mpaka akadhani amelalia vibaya, kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni ili kamera ione, inabaki kidogo inasumbua misuli ya pumzi na maumivu yanajitokeza begani, baada ya siku chache yakaisha yenyewe. Sasa bega na mkanda wa tumbo wapi na wapi.

Halafu msichanganye, kuna mikanda ya kupunguza kitambi, ile migumu yenye vyuma au plastiki ndani, inabana mpaka roho. Ukitafuta mtandaoni inakuja pamoja na hii ya operesheni na picha zinafanana. Ya operesheni ni lastiki laini, mipana, imeshonwa kwa vipande vitatu au vinne kwenda juu, kazi yake kushikilia tu, haikupunguzi chochote. Ile ya kitambi ukiivaa juu ya mshono mbichi utajuta. Na hata hii ya kwetu muulize daktari wako kwanza, hasa kama una mpira wa kutoa majimaji tumboni au mfuko wa choo, maana hapo mkanda wa kawaida unaweza kukandamiza pasipotakiwa.

Sasa unafanya kazi? Unafanya, ila si ile kazi niliyodhani. Mi nilifikiri unashikilia nyuzi zisiachie. Nikamuuliza daktari akaniambia nyuzi wameshazifunga wao, na hamna uthibitisho kwamba mkanda unazuia ngiri ya kwenye mshono, wenyewe ni wa kukupa nafuu unapojongea. Na kweli. Bila mkanda nikisimama nilikuwa nahisi tumbo linataka kudondoka mbele, si maumivu hasa, ni kama kitu kizito kimening'inia kwa ndani, unatembea umeinama umeshika tumbo. Nikiufunga nanyooka. Siku ya kwanza nyumbani niliweza kutoka chumbani mpaka mlangoni na kurudi mara tatu, na kutembea huko ndo dawa yenyewe, damu haigandi miguuni, mapafu yanafunguka, utumbo unaamka. Nilivyotoa hewa kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilishangilia, sitanii.

Namna ya kuufunga: ufunge ukiwa umelala chali, usisubiri usimame. Tandika mkanda kitandani kwanza, ulale juu yake, unaufunga kuanzia chini kwenda juu, vidole viwili viingie kati ya mkanda na mwili. Halafu usijiinue moja kwa moja kama unaamka asubuhi ya kawaida, utaona nyota. Kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja kama gogo, shusha miguu nje ya kitanda huku unajisukuma na kiwiko na kiganja, utashangaa umekaa. Hii nilifundishwa hospitali asubuhi ya kwanza na bado ningeomba nifundishwe kabla ya operesheni, nikiwa mzima, nifanyie mazoezi kitandani kwangu, maana kujifunza kitu kipya na kichwa bado kina nusu kaputi ni shida.

Mabaya yake sasa. La kwanza, ukikaa unapanda. Mi ni mfupi, nilichukua wa upana wa sentimita 30, nikikaa kwenye kiti ukingo wa juu unajikunja unanichoma chini ya mbavu na wa chini unanichoma mapajani. Kama we mfupi chukua wenye vipande vitatu, ule mwembamba zaidi. La pili jasho. Usiuvae kwenye ngozi, vaa fulana ya pamba ndani, na fulana iwe imenyooka, mkunjo mmoja tu ukikaa juu ya mshono masaa mawili utaujua. La tatu velkro yenyewe, inanasa kila kitu, nimeharibu fulana mbili na shuka ina nyuzi zinaning'inia upande mmoja wote. Na kelele! Saa nane usiku unataka kwenda chooni kimya kimya, krrrrr, mtoto kaamka.

Ukiufua funga velkro kwanza isikusanye uchafu, fua kwa mkono, usiukamue, anika kivulini. Wangu ulichukua karibu siku nzima kukauka, na siku hiyo nzima nilikaa bila mkanda nikiutazama kwenye kamba, kwahiyo ukiweza nunua miwili.

Kulala nao sikuweza. Na kubana sana ni hatari ya kimya kimya, maana unaanza kupumua juu juu bila kujua na mapafu yanataka pumzi ndefu. Mi niliambiwa nivute pumzi ndefu mara kumi kila saa nikiwa macho, sasa mkanda ukibana huwezi, pumzi inaishia kifuani. Nilikuwa naulegeza kila nikikaa, nafanya zoezi la pumzi, nikitaka kusimama naukaza tena.

Ila niseme ukweli, kilichonisaidia kuliko mkanda ni kamto kadogo kagumu ka kwenye kochi ambako hata sikukanunua. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya, kucheka, unakakumbatia unakakandamiza juu ya mshono kwa mikono miwili, ndo unakohoa. Siku ya nne mdogo wangu kaja kuniona, kanikuta mkanda kiunoni, natembea kwa hatua za bata kwenda kumfungulia, akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Kaka, hongera mzazi, mtoto yuko wapi?" Jamani nilicheka. Kucheka na mshono wa siku nne ni adhabu, machozi yananitoka, sijui ni kicheko sijui ni maumivu, nanyoosha mkono mto mto mto, yeye anadhani namfukuza. Mkanda nilikuwa nimevaa na haukuzuia kitu pale, kamto kalivyofika ndo nikapumua. Kwenye gari pia kamto hako kanakaa kati ya tumbo na mkanda wa kiti, kila tuta la barabarani utakashukuru.

Vitu vingine nilivyonunua nitavipitia haraka. Ule mto mkubwa wa mteremko wa kulalia umeinuka sikuupenda, usiku unateleza taratibu, asubuhi unajikuta chini kabisa ya kitanda shingo imepinda. Ukiweka mto mwingine chini ya magoti unatulia kidogo, lakini kwa mito miwili ya kawaida ungepata kilekile. Koleo refu la kuokotea vitu nilicheka nilivyolinunua, nikaja kulitumia kutwa mara kumi, soksi, rimoti, simu ikianguka, maana kuinama ndo kitu cha mwisho utakachoweza. Kiti cha plastiki cha bafuni, nunua kesho asubuhi. Kuoga umesimama wiki ya kwanza miguu inatetemeka, unakaa, maji yanapita, mshono unaukausha kwa kuugusagusa na taulo safi bila kusugua. Kulowana kwenye beseni au kuogelea hapana mpaka kidonda kifunge na daktari aseme sawa. Na waya mrefu wa chaja. Nilikuwa na waya mfupi na soketi iko nyuma ya kitanda, usiniulize.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali nilipita nyumba nzima nikishusha vitu vya kabati za juu na kupandisha vya chini, vyote vikae usawa wa kiuno. Hiyo ni bure na imenisaidia kuliko huo mto wa mteremko.

Kitu ambacho mkanda hausaidii na hakuna aliyenionya ni choo. Dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli zinafunga choo, nami nikakaa siku nne najisikia jiwe tumboni, na kusukuma hutakiwi. Omba dawa ya kulainisha choo mapema kabla hujaondoka hospitali, kunywa maji, tembea, na ukikaa chooni weka kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya kiuno. Na uandike dawa zako kwenye daftari na saa. Paracetamol kwa mtu mzima ni mwisho gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kuna vidonge vya mchanganyiko ambavyo nayo imo ndani, unaweza kuzidisha bila kujua. Soma pakiti. Mi nilikuwa nasahau kama nimemeza au nimeota nimemeza.

Uzito nao, mi niliambiwa nisinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, waliopasuliwa kwa matundu madogo huwa wanapewa muda mfupi zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo ndoo ya lita 10 imeshakuzidi mara mbili. Mkanda unakudanganya hapa, ukiuvaa unajisikia shujaa. Wiki ya tatu nikataka kumbeba mtoto, mke wangu akasema we kaa, atapanda mwenyewe, akapanda, akakaa pembeni ya mshono ametulia kuliko nilivyotegemea.

Pia mkanda unaficha kidonda, na hili ndo ningeliandika kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Kila siku ufungue, uangalie kwenye kioo kwa mwanga. Wekundu unaotambaa, joto, usaha, harufu, mshono kuachia, homa ya nyuzijoto 38 kwenda juu, kutapika kusikokoma, tumbo kujaa na kukaza, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, usikae nyumbani kutafuta majibu kwenye simu. Na kifua kikikubana au pumzi ikikukata ghafla hiyo ni dharura, sasa hivi hospitali.

Wiki ya sita daktari kaniambia niuache kidogo kidogo, nusu siku, kisha siku nzima, misuli ifanye kazi yenyewe. Siku ya kwanza bila mkanda nilijisikia kama nimetoka nje bila suruali.

Naupa mkanda nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa velkro na ule ukingo wa mbavuni, nusu nimeikata kwa sababu kwenye pakiti wameandika S, M, L bila sentimita hata moja. Wangu ni L, unashika sentimita 96 mpaka 112, nimeupima mwenyewe na tepu. Kamto nakapa tano, na kamerudi kwenye kochi.