Kufuata Mto Grumeti kutoka Mwanza: siku tatu za magari, mahema na udongo mweusi

Mwanzoni mwa Juni tuliondoka Mwanza watu kumi na wawili katika magari matatu aina ya Land Cruiser, kila mmoja akiwa amelipa shilingi 650,000 kwa kampuni ndogo ya hapa jijini inayopeleka vikundi kupiga kambi Serengeti kwa kupitia upande wa magharibi. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema ni malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwao wenyewe. Nitakayoyaeleza yatamfaa pia yeyote anayefikiria safari ya namna hii, awe anakwenda na wao au na wengine.

Nianze na tangazo lao, lililoahidi kwamba tungeufuata Mto Grumeti “kutoka ziwani hadi chanzo chake.” Ahadi hiyo haitekelezeki kwa siku tatu, na ninadhani aliyeiandika anajua hivyo. Grumeti unaanzia kwenye vilima vya kaskazini-mashariki mwa Serengeti na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, mahali ambapo msafara wetu haukufika. Tulichokipata ni kipande cha chini cha mto, ndani ya ule ukanda wa hifadhi unaonyooka kuelekea ziwani, kisha tukapanda hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ambako kijito chenye jina hilo hilo kinaingia Mto Orangi, nao Orangi unaingia Grumeti. Kwa hiyo hata tulipouacha mto mkubwa tulikuwa bado tunayafuata maji yale yale. Hilo peke yake lingetosha kuwa tangazo zuri, bila kuhitaji kuongezewa chumvi.

Njia ya lami kutoka Mwanza hadi lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti ni ya kilomita kama 140, na kampuni nyingi huipita kwa haraka kana kwamba safari haijaanza. Sisi tulibahatika kuongozwa na dereva mzee, mwenyeji wa Magu, ambaye hakuiona hivyo. Tulipoyaacha mawe ya Mwanza nyuma yetu na kupita Kisesa, alianza kutuonyesha jinsi ardhi inavyobadilika kwa majina ambayo wakulima wa Kisukuma huipa: luseni, yaani mchanga wa juu karibu na mawe, ambako mihogo na viazi vinakubali, na mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni unaoshika maji na kufaa kwa mpunga. Tulipovuka Mto Simiyu alisimamisha gari kando ya barabara ili tuone mashamba ya bondeni, akasema tuukumbuke udongo ule kwa sababu tungekutana nao tena mchana tukiwa hatuna furaha hii. Wengi wetu tulicheka. Tulikuwa tumezoea kusikia neno mbuga likimaanisha mahali pa wanyama, tusijue kwamba kwa mkulima wa Magu ni jina la udongo, na kwamba siku hiyo maana zote mbili zingekutana chini ya tairi zetu.

Gari la tatu lilipata pancha Lamadi, mji mdogo kabla ya lango. Jambo hilo ni la kawaida na haliwezi kuhesabiwa kuwa kosa, lakini kilichofuata kilikuwa kosa la mipango. Kibali cha kuingia Serengeti huhesabiwa kwa vipindi vya saa 24 tangu gari linapopita langoni, hakihesabiwi kwa tarehe. Magari mawili ya kwanza, mimi nikiwa katika gari la mbele, yaliingia Ndabaka saa nne asubuhi, na gari la tatu likaingia saa sita na nusu. Tangu dakika hiyo msafara mmoja ulikuwa na saa mbili tofauti za kutoka, na hakuna msimamizi aliyeonekana kulitambua hilo. Malipo yenyewe yalikuwa yamekamilishwa mapema kwa namba ya malipo ya serikali, jambo la kusifiwa, maana langoni hapalipwi kwa noti na nimewahi kuona kikundi kizima kikikaa nusu siku kwa sababu ya mtandao kusumbua.

Sasa nifike kwenye udongo. Upande huu wa Serengeti hupata mvua nyingi kuliko tambarare za kusini-mashariki, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ziwa, na radi za jioni zinaweza kuendelea hata baada ya masika kuhesabiwa kuwa yamekwisha. Usiku wa kuamkia siku yetu ilikuwa imenyesha. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa pana zinazoweza kumeza fimbo, na ukilowa huvimba, hunata, hujaza mistari ya tairi na kuigeuza kuwa laini kama mtungi. Kwa kuwa ni marufuku kuiacha barabara ndani ya hifadhi, dereva hawezi kulizunguka tope kama ambavyo angefanya kijijini; analazimika kupita humo humo au kusubiri likauke. Dereva wetu alisimama, akapunguza upepo wa tairi zote nne, akaingiza gia nzito na kupita polepole sana bila kubadilisha mwendo. La pili likafuata nyayo zake. Tukaendelea kwa takriban kilomita sita, tukitazama nyamera na pundamilia, ndipo tulipogundua kwamba gari la tatu halikuwa nyuma yetu.

Kilichonikera zaidi katika safari nzima ni kwamba redio ya gari hilo ilikuwa mbovu tangu Mwanza, na msimamizi alilijua hilo. Simu hazikuwa na mtandao. Tuliporudi tulilikuta limezama hadi kwenye ekseli, dereva wake kijana akiendelea kukanyaga mafuta huku tope likiruka hadi kwenye paa. Mzee aliteremka, akaangalia pande zote kwanza kama inavyopasa mahali penye simba, kisha akamwambia kwa upole: “Acha mafuta, mwanangu, unalichimbia tairi kaburi.” Kijana akajibu, “Samahani, mzee,” akazima injini. Ndipo tulipoona kwamba gari hilo lilikuwa limefungwa tairi za lami, zenye mistari iliyokwisha kulika, na kwamba msafara wa magari matatu ulikuwa na sepetu moja tu. Mbao za kukanyagia hazikuwapo. Tulitandika kapeti za sakafuni mwa magari yetu chini ya tairi, mkanda wa kuvutia ukafungwa, na baada ya karibu saa mbili za kuchimba na kuvuta, gari likatoka. Mkanda, nikiri, ulikuwa wa ubora mzuri na ulifungwa mahali panapostahili kwenye chasisi, si kwenye bampa. Anayemiliki kampuni anajua kununua vifaa, ila hajui idadi.

Kwa sababu ya tope hilo tulifika kambi ya Kirawira jua likikaribia kuzama, wakati ambao magari hayaruhusiwi kuendelea kutembea, na nusu ya mchana tuliyoahidiwa kukaa kando ya mto ikawa imepotea. Hata hivyo tulichokipata asubuhi iliyofuata kilitosha kunisahaulisha mengi. Kwa mtu anayetoka kwenye uwazi wa ziwa, Grumeti unashangaza kwa udogo wake: mto mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, uliojificha ndani ya utepe wa msitu wenye mikuyu na mikindu, huku pande zote mbili kukiwa na nyasi na migunga. Ndani ya utepe huo wanaishi mbega weusi kwa weupe, ambao hutawaona hatua mia moja nje ya miti hiyo. Mzee alituweka mahali pamoja kwa saa mbili nzima. Wapo walionung'unika, wakitaka kuzunguka kutafuta simba, lakini mimi namtetea. Mto wa aina hii hautiririki sawasawa mwaka mzima. Kiangazi kinapokaza hukatika na kubaki mfululizo wa madimbwi, na viboko na mamba hubanana humo. Juni maji yalikuwa bado yanatembea, nyumbu walikuwa wamefika katika makundi yaliyotawanyika, na mamba walikuwa wamelala kingoni bila kujificha.

Kundi moja la nyumbu lilishuka hadi majini mara tatu na kurudi mara tatu, vumbi likipanda, kisha likageuka na kwenda zake bila kuvuka. Waliofuata video za mitandaoni waliona wamedhulumiwa. Mimi nilikuwa nimetosheka na kumtazama mamba mmoja aliyekuwa na urefu unaokaribia ule wa gari, ambaye katika saa hizo mbili alifumba jicho mara moja.

Mbung'o ni wengi, na karatasi ya maelekezo iliwataja kwa mstari mmoja tu. Huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya mitego vinavyotundikwa mitini upande huu ni vya rangi hizo, na mwenzetu mmoja aliyevaa jinzi na fulana nyeusi aliumwa kiasi cha kupoteza hamu ya safari. Vaeni kaki.

Chakula kilikuwa kizuri kupita matarajio yangu. Mpishi, mama mmoja ambaye wote tulimwita Mama Mpishi tangu saa ya kwanza, alifunga safari na sato waliotolewa Mwanza alfajiri wakiwa ndani ya barafu, na usiku wa kwanza tulikula samaki wa kupaka, ugali na mlenda, tukiwa bado na matope masikioni. Asubuhi alitoa chai ya tangawizi na michembe iliyochemshwa, viazi vilivyokaushwa vya Kisukuma, badala ya mkate mkavu na siagi ambao kampuni nyingi huufikiria kuwa ndicho chakula cha porini. Alipika kwa gesi, kwa kuwa kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi. Siku ya pili sato waliisha na tukashuka kwenye wali na maharage, ambayo pia yalikuwa mazuri, ila matunda yalikuwa tikiti maji peke yake kwa milo yote saba. Sina ugomvi na tikiti, ila kabla ya lango kuna soko la Lamadi.

Mahema yalikuwa makavu na zipu zote zilifanya kazi. Magodoro yalikuwa membamba mno kwa mtu aliyevuka miaka arobaini. Usiku wa Kirawira viboko walipanda kula nyasi karibu na kambi, na sauti yao, ambayo ni kitu kati ya kicheko na mlango mzito unaoburutwa, iliwafanya wawili kati yetu kulala garini. Mlinzi wa kambi alitueleza mapema kwamba tusitoke hemani bila kumulika tochi kila upande, na maelezo yake yalikuwa wazi kuliko yale ya kampuni.

Siku ya pili tulipanda kuelekea Seronera. Msitu wa mto ulibaki kushoto, migunga ikapungua, nyanda zikafunguka, na kufikia alasiri tukaanza kuona vilima vya mawe vikichomoza kwenye nyasi, mawe ya mviringo yaliyopandana kama yale ya Capri Point na Bugando kule Mwanza, tofauti ikiwa kwamba juu ya haya hapajajengwa nyumba na pimbi wanaota jua bila kusumbuliwa. Abiria mmoja aliyetoka Sengerema, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alisema amesafiri siku mbili kurudi nyumbani. Kambi ya umma tuliyolala Seronera ilijaa vikundi vya kila nchi, jiko la pamoja lililozungushiwa wavu dhidi ya wanyama lilikuwa na foleni, na maji ya kuoga yaliisha saa moja usiku. Hilo si la kuilaumu kampuni, lakini wangeweza kulisema.

Asubuhi ya tatu ndipo zile saa mbili tofauti za langoni zilipodai deni lake. Magari yaliyoingia saa nne yalipaswa kuwa nje ya lango la Ikoma kabla ya saa nne, kwa hiyo tuliamshwa usiku, tukakunja mahema yakiwa na umande, na kukipita Kijito cha Seronera, mahali panapojulikana kwa chui, bila kusimama hata mara moja. Gari la tatu, lile la pancha, redio mbovu na tairi za lami, lilikuwa na nafasi hadi saa sita na nusu. Likabaki. Walipotukuta Bunda mchana, baada ya kupitia Natta, walikuwa na picha thelathini za chui akiwa juu ya mgunga, mguu mmoja ukining'inia, na waliona vigumu kutuonea huruma.

Nilipoandika malalamiko, kampuni ilijibu baada ya siku mbili, ikakubali kosa la redio na la tairi, na kueleza kwamba kuanzia sasa magari yataingia langoni pamoja hata kama itabidi kusubiriana Lamadi. Kuhusu neno “chanzo” katika tangazo hawakusema kitu. Wana safari nyingine Septemba, wakati ambapo Grumeti utakuwa umebaki madimbwi, na nimekwisha kulipa nusu ya fedha kwa masharti mawili niliyoomba yaandikwe kwenye risiti: kwamba nitakaa katika gari la mzee, na kwamba kila gari litabeba sepetu lake.