Kitunguu saumu pori cha Afrika Kusini: lipia majani

Kitunguu saumu pori hiki, Tulbaghia violacea, huuzwa zaidi kama ua la pambo, hata kwenye vitalu vya Nairobi, kwa hiyo wanunuzi wengi hawajui kwamba inaliwa. Kwao ni Eastern Cape na KwaZulu-Natal, kupanda kaskazini hadi Zimbabwe. Wazulu hupika majani na maua yake kama mboga, na pia huyatia kwenye nyama kwa ukali wake.

Kabla hujalipa, fikicha jani. Lisiponuka saumu, huenda unauziwa agapanthus, ua jingine la pambo ambalo si la kuliwa. Kabla ya kuchanua, miche yake hufanana mno na hii. Kisha inua chungu uchungulie matundu ya chini: mizizi minene na myeupe ni mizima, ya kahawia inayobonyea imeozeshwa na maji. Ile ya majani yenye mistari myeupe, 'Silver Lace', inavutia lakini hukua polepole. Kwa jikoni chukua ya kijani tupu.

Anayetaka punje za saumu asinunue. Chini ya ardhi hakuna cha maana, na ukichimba umepoteza mmea. Kinachokufaa ni jani, tena bichi. Ukali hutokea jani linapokatwa: kimeng'enya kilicho ndani ya jani hugeuza marasmini, isiyo na ukali, kuwa marasmisini, yenye ukali, na moto mkali hukiharibu kabla hakijafanya kazi. Katakata, acha dakika 5, tia chakula kikikaribia kuepuliwa. Majani 6 hadi 8 yanatosha kachumbari ya watu wanne. Maua ni matamu kidogo, kisha yanawasha. Nyunyiza juu ya viazi. Kukausha ni kazi bure. Usiyageuze majani dawa ya kunywa kwa wingi, yanavuruga tumbo.

Matunzo ni mepesi: jua la kutwa, udongo sehemu 2, mchanga mnene 1, mboji 1, na maji pale tu udongo wa juu ukishakauka. Ukivuna, kata majani ya nje, usizidishe theluthi moja. Baada ya miaka 2 au 3 chungu hujaa na maua hupungua. Gawanya kwa kisu, kila kipande kibaki na machipukizi 3 au zaidi, panda kwa nafasi ya sentimita 25.

Kasoro kubwa ni harufu. Mvua ikinyesha au mtu akiyagusa majani, inafika mbali. Usiweke chungu chini ya dirisha la chumba cha kulala.