Challenger TV: nyota 4, na Piros wangu ndani yake

Challenger TV inaonyesha mechi za Challenger, yaani mashindano ya tenisi ya wanaume ya ngazi ya chini ya yale makubwa ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Naanza na bei maana najua ndo swali la kwanza. Bure. Na sio ile bure ya mwezi mmoja halafu wanaikwangua kadi yako, hapana, unaingia tovuti ya ATP, unaenda Challenger TV, unachagua kiwanja, unaangalia tenisi mpaka uchoke. Nimeitumia miaka kadhaa sasa na nikisema ukweli nimeitumia kwa ajili ya mtu mmoja tu, Zsombor Piros wa Hungaria.

Jamaa zangu wananicheka, eti kuna mastaa wakubwa kama Alcaraz na Sinner, we umeng'ang'ania nani huyo. Sikieni basi. Piros 2017 alibeba Australian Open ya vijana, na ukishabeba ile watu wanaanza kukuhesabia makombe ya ukubwani kabla hata hujaota ndevu. Hayakuja. Ikaja kazi. Novemba 2021 kwenye Davis Cup, kombe la timu za mataifa, kule Turin, akiwa namba 282 duniani, alifungwa seti ya kwanza na John Millman wa Australia halafu akamgeuzia kibao akashinda, nikasema haya, sasa anapaa. 2023 akasogea mpaka karibu kabisa na namba 100, na hapo ndo penye uchungu, kwa sababu droo ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kama Australian Open, ni watu 128, toa 16 wanaotokea mechi za kufuzu, toa 8 wa mwaliko, wanaoingia moja kwa moja kwa renki zao ni kama 104 hivi. Ukiwa wa 110 we upo getini unasikia muziki wa harusi. Mwenzake Fabian Marozsan, wote wa Budapest, wote wa Oktoba 1999, 2023 hiyohiyo akiwa namba 135 akamtoa Alcaraz pale Roma 6-3, 7-6, kesho yake dunia nzima inalitafuta jina lake. Piros huyo, kabaki Challenger.

Na Challenger kugumu jamani. Ukibeba kombe la daraja la 50, yaani mechi tano wiki nzima, unapewa pointi 50 za renki. Grand Slam ukishinda mechi ya kwanza tu, moja, unaondoka na 50 hizohizo.

Turudi kwenye huduma. Mechi nyingi ni kamera moja imesimikwa nyuma ya mstari, haihangaiki na mtu. Mtangazaji mara yupo mara hayupo, na mimi naomba asiwepo, maana hapo unasikia viatu vinakwaruza udongo, unasikia mtu anakohoa jukwaani, unamsikia mchezaji anajigombeza mwenyewe. Neno "gyerünk" nimelijulia huku, ni kama "twende!" yetu. Kuna siku jukwaa lilikuwa jeupe, nikawahesabu watazamaji wote na gemu bado haijaisha.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kamera hiyohiyo, mpira ukiangukia pembeni hujui umeingia au umetoka mpaka skoo ibadilike. Ile siku picha iliganda kwenye taibreki, ile gemu ya kuamua seti, ya seti ya tatu sio kosa lao, ni mtandao wangu wa simu, siutaji ila bando liliisha na kaduara kanazunguka, nikaja kujua matokeo jioni.

Ushauri wangu, tumia waifai ya kazini kama bosi ana roho nzuri. Halafu kiangazi Hungaria wako nyuma yetu saa moja tu, mechi ya saa tano asubuhi kwao kwetu ni saa sita mchana, inakutana na chakula. Mimi naegemeza simu kwenye chupa ya maji, wali mkono wa kulia, na Piros akipoteza gemu anayoanzisha yeye mpira wali nao unapoa.