Mkutano wa kiangazi wa walimu wa kwaya Marekani: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Nawaandikia walimu wa kwaya wa Kiswahili walioko Marekani, hasa wa kwaya za kanisa, walioona tangazo la mkutano wa kiangazi na wanajiuliza kama ada yake inalipa. Inalipa, ila si kwa kila kipindi.

Tusichanganye mikutano. ACDA, chama cha waongoza kwaya cha Marekani kilichoanzishwa 1959, hufanya mkutano wa taifa miaka ya witiri na mikutano ya kanda miaka ya shufwa. Huko muda mwingi unakaa kitini kusikiliza kwaya teule. Ya kiangazi huandaliwa na matawi ya majimbo, siku chache tu, mara nyingi chuoni wanafunzi wakiwa likizo. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Watu ni wachache, unaimba mwenyewe kutwa, na mkufunzi unamkuta kwenye foleni ya chakula ukamuuliza lako bila kugombea kipaza sauti.

Kilichonifaa kuliko vyote ni vipindi vya kusoma nyimbo mpya. Mlangoni unapewa bahasha ya nakala kumi na kitu. Mpiga kinanda anaanza, ukumbi mzima unaimba wimbo ambao wengi hawajauona, dakika nne au tano, kisha unaofuata. Kurudia hakuna, kwa hiyo penseli iwe mkononi. Juu ya kila nakala andika nota ya juu kabisa ya soprano na ya chini kabisa ya besi, mahali tenor wanapogawanyika, na kama sehemu ya kinanda mpigaji wako ataiweza. Hilo la mwisho ndilo linaloziacha nyimbo nyingi kabatini: sauti nne ni rahisi, lakini kinanda kimeandikiwa mtu aliyehitimu chuo. Kwaya yenye tenor watatu haina haja ya wimbo unaowagawa mara mbili, hata uwe mtamu kiasi gani. Na usidanganywe na mlio wa ukumbi. Wanaoimba nawe ni walimu watupu, wimbo wowote utapendeza midomoni mwao.

Nakala ya bahasha ni yako peke yako. Kuitoa fotokopi kwa wanakwaya ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Nakala moja dukani mara nyingi ni dola 2 hadi 3, maana yake watu 30 kwa dola 2.50 ni dola 75 wimbo mmoja. Kwa hiyo toka na nyimbo mbili tatu ulizozipenda kwelikweli. Za zamani zitafute CPDL, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanza 1998, ila soma masharti ya kila toleo.

Sasa suala la nota. Wengi wetu tumekulia kwenye solfa (do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi), na huko kila kitu ni stafu, yaani nota kwenye mistari mitano. Usiogope, tafuta do tu. Ufunguo mwanzoni mwa mstari ukiwa na shapu (alama za kupandisha), ile ya mwisho kulia ni ti. Panda hatua moja, hapo ndipo do. Ukiwa na flati (alama za kushusha), ya mwisho kulia ni fa. Shuka mi, re, do. Weka alama ya penseli kwenye nota ya kwanza ya sauti yako kila mstari unapoanza, utasalimika. Do yao inahama na ufunguo kama yetu, na alama za mikono za Curwen, Mwingereza aliyeieneza solfa, ni zilezile. Mtego uko kwenye nota zilizopandishwa na kushushwa. Sisi tunasema fe, se, ta. Wao fi, si, te. Tena wao wana se yao, ambayo ni so iliyoshushwa, wakati yetu ni so iliyopandishwa. Ukiitikia kwa mazoea umekosa kwa toni nzima.

Darasa la uongozaji la hadharani huwa na washiriki wachache waliotuma video mapema, kila mmoja akipewa dakika zake mbele ya kwaya huku mkufunzi akimsahihisha. Usipochaguliwa, omba kuimba katika hiyo kwaya, safu ya mbele. Ukikaa ukumbini unaona mgongo tu. Kosa lililojirudia ni pigo la maandalizi, ile ishara ya mkono kabla kwaya haijaanza: mwongozaji analitoa haraka kuliko mwendo wa wimbo wenyewe, soprano wanaingia mapema, besi wanafuata nyuma. Dawa ni kuuimba mstari wa kwanza kimoyomoyo kabla ya kuinua mikono, kisha kuvuta pumzi pamoja na kwaya kwa mwendo huohuo, mkono ukipanda na pumzi. Wimbo ukianzia pigo la nne, toa la tatu peke yake. Kosa la pili, ambalo makanisani kwetu ni ugonjwa, ni mwalimu kuimba na kwaya mwanzo hadi mwisho. Unajisikia mwenyewe, huwasikii wao.

Kupasha sauti kwa mrija kulinishawishi kuliko nilivyotarajia. Chupa ya maji nusu, mrija ukizama sentimeta tatu hivi, midomo imebana, unatoa sauti ya "u" huku maji yakitoa mapovu, unapanda na kushuka taratibu. Dakika tatu zinatosha. Mapovu yakikatika wakati wa kupanda, pumzi imekatika. Ziba pua: sauti ikizimika au kubadilika, hewa ilikuwa inavujia puani.

Nyota niliyoiondoa ni ya kipindi cha "muziki wa Afrika". Kila mtu alipewa ngoma au manyanga, waimbaji hawakusikika, na Kiswahili kikawekwa kapu moja na Kizulu. Matamshi ndiyo yaliyoniudhi. Wamarekani wanaupenda sana wimbo Baba Yetu wa mtunzi Christopher Tin, ulioandikwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa 2005 na kupata Grammy 2011, kwa hiyo neno mbinguni utalisikia, na utalisikia vibaya: "um-bin-gu-ni", silabi nne, ilhali ni mbi-ngu-ni, tatu, na m haipewi nota yake. Kwenye mtu au mkate, m ni silabi kamili. Neno "yetu" nalo linageuka "yei-tu". Mfuate mkufunzi baada ya kipindi na ukurasa mmoja wa matamshi. Aliyekuwa kwetu aliupokea kwa shukrani, na laiti angeutafuta kabla.

Mengine ni madogo. Wanachama na wanaojiandikisha mapema hulipa kidogo zaidi. Uliza kama ada inajumuisha kulala na kula, na kama mabweni ya chuo yanapatikana. Beba sweta, kiyoyozi cha kumbi zao hakina huruma hata Julai. Vipindi viwili vikigongana, nenda kwenye usomaji wa nyimbo. Karatasi za mhadhara unaweza kumwomba mtoa mada kwa barua pepe, lakini bahasha usipohudhuria mara nyingi hupati, na hata ukiipata hukuzisikia nyimbo zenyewe.