Nyumba ya likizo Unguja: Nungwi au Jambiani?

Anayetaka kuoga baharini saa yoyote akodi nyumba Nungwi. Huku kaskazini maji hayaendi mbali yakipwa, na ukipata nyumba upande wa magharibi, jua linazama baharini ukiwa barazani. Mafundi bado wanaunda majahazi ufukweni, na kasa wa bwawa la Mnarani wako karibu. Ila kelele! Muziki wa baa usiku, mapapasi, wale wanaokufuata wakikuuzia safari za boti, tangu asubuhi. Mwenye mtoto mchanga afikirie mara mbili.

Jambiani, pwani ya kusini mashariki, ni habari nyingine. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari inarudi nyuma mpaka kwenye mwamba na kuacha mashamba ya mwani wazi: vigingi vifupi, kamba zilizofungwa vishada, kina mama wameinama na kanga zimelowa mpaka magotini. Ukitaka kwenda huko vaa viatu, chini kuna miiba. Kuogelea ni mpaka yajae, kwa hiyo uliza saa za maji kabla ya kulipia nyumba.

Kwa matembezi, Jambiani inashinda. Msitu wa Jozani na kima punju wake si mbali. Kizimkazi kuna pomboo na msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Wapenda kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, wanakwenda Paje, jirani tu, wakati wa pepo za kaskazi au kusi.

Mimi ningechukua Jambiani, jikoni nichemshe pweza aliyenunuliwa asubuhi hiyo hiyo kwa mvuvi. Vijana wanaotaka kucheza hadi alfajiri waende zao Nungwi.