Chati ya ukutani ya chui na nyati: maelezo ya kuaminika, picha za kusahihishwa

Chati hii inayolinganisha chui na nyati niliinunua kwa shilingi 12,000 katika duka moja la vifaa vya shule karibu na soko la Majengo, Dodoma, kwa ajili ya darasa la tano ninalolifundisha sayansi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi. Nimeitumia muhula mzima. Karatasi yake ni nene, imefunikwa kwa nailoni, haikupauka kwa jua wala kuharibiwa na vumbi la huku kwetu, na maandishi yanasomeka hata kutoka dawati la nyuma.

Maelezo yameandikwa na mtu anayewajua wanyama hawa. Hayaishii kusema kwamba mmoja hula nyama na mwingine hula nyasi, bali yanaonyesha jinsi chakula kinavyotawala maisha yote ya mnyama: chui, ambaye dume lake hufikia kilo 60 hivi, huishi peke yake, huwinda zaidi usiku kwa kunyatia, na hupandisha windo lake mtini ili simba na fisi wasimnyang'anye; naye nyati, ambaye dume lake laweza kuzidi kilo 700, hutembea katika kundi, huhitaji maji karibu kila siku, na ana tumbo lenye vyumba vinne pamoja na kawaida ya kucheua anapopumzika. Sehemu ya uzazi ndiyo iliyonipa kipindi bora kuliko vyote. Chui hubeba mimba kwa takriban miezi mitatu na kuzaa watoto waliofumba macho, ilhali nyati hubeba kwa takriban miezi kumi na moja na ndama wake husimama ndani ya saa chache. Wanafunzi walipouliza sababu, tuliijadili hadi wakaitambua wenyewe: mtoto wa chui hufichwa kichakani au katika mapango ya mawe, lakini ndama hana budi kulifuata kundi.

Picha, kwa masikitiko yangu, haziendani na maelezo hayo. Mchoraji amemchora chui akiwa na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, na madoa yaliyojaa rangi, moja moja. Huyo ni duma. Madoa ya chui, hasa ya mgongoni na ubavuni, hujipanga kama pete zilizovunjika, na usoni hana mistari hiyo. Hata unyayo uliochorwa chini ya picha unaonyesha alama za kucha, jambo ambalo ni la duma pia, kwa kuwa chui huzirudisha kucha zake ndani anapotembea. Watoto wengi tayari huwachanganya wanyama hawa wawili, na mtoto wa darasa la tano huiamini picha kabla hajalisoma neno lolote.

Kwa upande wa nyati, pembe zimechorwa vizuri, pamoja na ule uvimbe mgumu unaoziunganisha juu ya paji la uso la dume mzee. Kosa liko mdomoni, na aliyeligundua si mimi, bali ni binti mmoja wa wafugaji aliyesimama na kusema, "Mwalimu, huyu nyati ana meno ya mbele ya juu. Mbona ng'ombe wetu hawana?" Alikuwa sahihi kabisa: nyati, kama ng'ombe, hana meno hayo, na mahali pake pana ufizi mgumu.

Nilirudi dukani na kumweleza mama muuzaji, naye akayaandika makosa yote ili ayafikishe kwa mchapishaji. Mwalimu anayeweza kuyasahihisha mbele ya wanafunzi anaweza kuinunua chati hii kwa ajili ya maelezo yake. Mzazi anayetaka kuitundika nyumbani ili mtoto ajisomee peke yake namshauri asubiri toleo lililosahihishwa.

Kwa sasa nimeubandikia karatasi nyeupe ule unyayo wa chui, na nimewapa wanafunzi kazi ya kutazama nyayo za paka na za mbwa katika vumbi la uani kwao, waone ni zipi zenye alama za kucha, kisha waje kuchora upya.